KAZI YA MWANDISHI WA HABARI KATIKA KITALE NA BUNGOMA

(Maneno haya yalisomwa mbele ya wanachama mjini Kitale, kisha yakasomwa tena Bungoma. Yamepigwa chapa hapa kwa kuwa wengi waliokosa kuhudhuria waliyaomba.)



Tumeitwa kuwaeleza kazi yetu ya kuandika habari. Barua ya mwaliko ilitaka tueleze ujuzi unaompasa mtu anayeitaka kazi hii. Tutafanya hivyo. Lakini hapa twasema na wafanyakazi, na mfanyakazi akitajiwa kazi yoyote huuliza mara moja: inalipaje? Basi tumeona tuanze na hilo, maana ujuzi wenyewe hautaeleweka bila hilo.

Gazeti au redio ina watu wake Nairobi, wenye meza na mshahara wa mwezi. Halafu ina watu kama sisi, waliotawanyika Kitale, Endebess, Kapenguria, Webuye, Kimilili na Bungoma. Wengi wetu hatuna mshahara. Twalipwa kwa habari iliyochapwa au kutangazwa. Ukituma habari tano na mhariri akatumia mbili, umelipwa mbili. Zile tatu ni jasho lililokwenda na maji. Nauli ya pikipiki hadi Cheptais ni yako. Vocha ya simu ni yako. Kamera ikianguka matopeni, ni yako pia. Mkata miwa wa Nzoia hulipwa kwa tani alizokata, na ijapokuwa ujira wake ni mdogo, hakuna anayemwambia kwamba muwa aliokata jana haukupendeza. Sisi twaambiwa hivyo kila siku.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Apaswa kupewa haki za mtu wa mkataba wa mwezi. Lakini mwandishi anayelipwa kwa habari huambiwa kwamba yeye si kibarua wala si mwajiriwa, bali ni mtu anayejitegemea. Ajitegemea namna gani, naye hupigiwa simu saa kumi na moja alfajiri na kuamriwa aende Saboti? Jambo hili twalishikilia sana, na tutalirudia.

Kazi yetu na chama cha wafanyakazi si wageni wa kila mmoja. Makhan Singh, aliyeanzisha chama cha wafanyakazi Nairobi mwaka 1935, alikuwa mtu wa kiwanda cha chapa cha baba yake. Alijua nguvu ya karatasi iliyopigwa chapa, na serikali ya kikoloni nayo iliijua nguvu hiyo, ikamweka kizuizini tangu 1950 hata 1961. Gazeti la Baraza lilianza 1939, na mhariri wake alikuwa Francis Khamisi. Taifa lilianza 1958, na Daily Nation likaja 1960. Chama cha waandishi wa habari wa Kenya kiliundwa 1962, kabla ya Uhuru. Tumeyataja haya kwa haraka ili kijana asidhani kwamba kazi hii ilizaliwa pamoja na simu ya mkononi.

Sasa ujuzi. Watu wengi hudhani ujuzi wa kwanza ni kuandika vizuri. Sisi twasema ni kusikia. Mtu wa Kitale yafaa aelewe jambo hili kuliko mtu wa mahali pengine, kwa sababu katika soko moja utasikia Kibukusu, Kisabaoti, Kipokot, Kinandi, Kikikuyu, Kiturkana na Kiteso, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Mzee husema kwa lugha yake, mjukuu hutafsiri kwa Kiswahili, mwandishi huandika kwa Kiingereza, mhariri wa Nairobi hufupisha. Maneno yamevuka mito minne. Yakifika ng'ambo, mzee mwenyewe akisomewa aweza kuuliza ni nani aliyeyasema.

Tuchukue neno moja tu. Miaka ile ya vita vya Mlima Elgon, tangu 2006 hadi 2008, kikundi cha SLDF kilipokuwa kikiua watu kwa ajili ya ugomvi wa mashamba ya Chebyuk, watu walioteremka Bungoma na Kitale walisema juu ya ndugu zao: "Amechukuliwa." Kiswahili chatuwezesha kusema hivyo bila kumtaja aliyemchukua. Ni lugha ya adabu, na wakati wa hofu ni lugha ya kujikinga. Lakini mwandishi hana ruhusa ya kuridhika nayo. Amechukuliwa na nani? Na vijana wa msituni, au na askari? Maana Machi 2008 jeshi nalo lilipanda mlimani katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na wanaume wengi wakakamatwa. Julai mwaka huo shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kwamba SLDF ilikuwa imeua zaidi ya watu 600, na kwamba wanajeshi nao walitesa watu waliowakamata. Jeshi lilikana. Mwandishi aliyeandika "amechukuliwa" tu aliandika neno la kweli lisilomsaidia mtu yeyote. Na yule aliyejaza jina la mchukuaji kwa kubahatisha alifanya vibaya zaidi, kwa kuwa katika siku zile jina likitajwa vibaya nyumba yaweza kuchomwa.

Basi ujuzi ni kuuliza tena, kwa upole, pengine mara tatu. Ulimwona mwenyewe au uliambiwa? Ilikuwa saa ngapi? Walivaa nini? Walisema lugha gani? Mama aliyefiwa hapendi maswali hayo, nasi hatupendi kuyauliza. Kuna wakati wa kufunga daftari na kukaa naye kimya, halafu kurudi kesho. Hakuna shule iliyotufundisha wakati huo ni upi. Wazee wa matanga walitufundisha.

Majina ya watu yana hatari yake pia. Mnamjua Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa. Kabla ya hayo alikuwa mchezaji wa mpira hodari hata akaichezea Kenya. Serikali ya kikoloni ilipochoka naye ilimtia katika hospitali ya Mathari pamoja na wagonjwa wa akili, akakaa huko hata 1947. Tangu hapo ilitosha kumwita mwendawazimu, na aliyesoma hakuuliza tena alichokuwa akidai, yaani mashamba. Februari 1948 polisi walipiga risasi umati wa wafuasi wa dini hiyo kule Malakisi, watu 11 wakafa. Neno moja likiwekwa mbele ya watu kama hao, kifo chao huonekana kama jambo dogo. Leo hatusemi mwendawazimu, twasema "genge", twasema "wahuni", twasema "wavamizi". Wafanyakazi wa kiwanda wakikaa mlangoni kudai mishahara ya miezi, wako watakaoandika kwamba "wamezua fujo". Mwandishi ajiulize: nani alianza kuliita jambo hili kwa jina hili, naye afaidika nini?

Mahakamani ndiko mahali pazuri pa kujifunza adabu ya maneno. Mtu aliyekamatwa ni mshukiwa. Akisomewa mashtaka ni mshtakiwa. Hawi mwizi mpaka hakimu aseme hivyo. Kijana asiyeweza kuketi katika mahakama ya Kitale asubuhi nzima, akaandika majina yote sawasawa, na namba ya kesi, na kifungu cha sheria, asiende mbali zaidi kwanza. Zamani wakubwa wetu walijua hati mkato, wakaandika kila neno la wakili. Siku hizi kuna mashine ya kunasa sauti ndani ya simu, lakini si kila hakimu hukuruhusu kuitumia, na betri nayo hufa. Daftari halifi.

Redio ni jambo la peke yake. Mtu wa gazeti hukosea saa nne asubuhi, na mhariri humsahihisha saa kumi. Mtu wa redio neno likimtoka limetoka. Joshua arap Sang, aliyezaliwa huku Kitale, alikuwa mtangazaji wa redio. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague kwamba matangazo yake yalisaidia kuwachochea watu. Kesi ilianza kusikilizwa Septemba 2013. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji waliisimamisha kwa kuwa ushahidi haukutosha, naye hakutiwa hatiani. Hatumtaji ili kumhukumu. Mahakama ilikwisha kufanya kazi yake. Twamtaja ili mjue uzito wa kazi. Mtu ameketi mbele ya kipaza sauti, miaka inapita, kisha maneno yake yanachambuliwa moja moja katika nchi ya mbali, na watafsiri wanabishana juu ya maana ya methali.

Sasa tuje katika hesabu, ambayo vijana wengi waliotaka kuwa waandishi waliikimbia shuleni. Hapa Trans Nzoia habari kubwa ni mahindi. Huwezi kuandika mahindi bila hesabu. Mfuko wa kilo 90 si mfuko wa kilo 50. Bodi ya Nafaka hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, mkulima akirudishwa na lori lake, uliza kipimo kilisema nini kabla ya kuandika kwamba amedhulumiwa. Tuseme dalali anunua mfuko wa kilo 90 kwa shilingi 3,600. Hiyo ni shilingi 40 kwa kilo. Gorogoro la kilo 2 lingekuwa shilingi 80. Mama wa sokoni akilinunua kwa 120, mfuko ule umezaa 5,400. Shilingi 1,800 zimekwenda wapi? Nyingine ni usafiri, nyingine ni gunia, nyingine ni panya, nyingine ni faida. Habari iko hapo katikati, na hakuna mtu wa kukupa kwa hotuba, lazima uikokotoe. Tena, bei ikishuka kutoka 4,000 hadi 3,000 imeshuka kwa asilimia 25, lakini ikirudi kutoka 3,000 hadi 4,000 imepanda kwa asilimia 33. Mwanasiasa huchagua ile inayompendeza.

Mfano mzuri wa siku hizi ni habari ya mbolea. Machi 2024 waandishi wa Africa Uncensored walifichua kwamba mbolea bandia ilikuwa ikiwafikia wakulima ndani ya mpango wa ruzuku ya serikali. Mnakumbuka jinsi habari ile ilivyozungumzwa hapa. Bunge lilileta hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, na Mei mwaka huo kamati ya Bunge ikamwondolea lawama. Mengi yalisemwa. Lakini tazameni kazi yenyewe ilivyotakiwa kufanywa. Mkulima akisema mbolea haikufanya kazi, bado hujapata habari ya mbolea, una malalamiko. Udongo wetu una asidi, mvua yaweza kuchelewa, mbegu yaweza kuwa mbovu. Lazima upate mfuko, ujue ulitoka ghala gani na tarehe gani, upate stakabadhi, upeleke kilichomo kwenye maabara, kisha umwendee aliyeutengeneza na kumpa nafasi ya kujibu. Hayo yote huchukua wiki, na hugharimu fedha. Sasa mwulizeni mwandishi anayelipwa kwa habari moja moja: ni nani atamlipa wiki zile? Ndiyo sababu habari za namna hiyo huletwa na watu waliotoka mbali, na sisi tunaokaa karibu na ghala twaandika hotuba ya mheshimiwa, kwa kuwa hotuba huandikwa kwa nusu saa. Uvivu kidogo upo, hatukatai. Lakini sababu kubwa ni ujira.

Hali kadhalika viwanda. Pan Paper ya Webuye ilifungwa 2009, na mji mzima ukajua njaa. Ahadi za kukifungua zilitangazwa tena na tena, mpaka kilipouzwa kwa kampuni binafsi 2016. Nzoia Sugar, iliyoundwa 1975, ilikodishwa kwa kampuni binafsi 2025. Kila mara maneno ya jukwaani yaliandikwa haraka. Maswali ya wafanyakazi huandikwa polepole: malimbikizo ya mishahara ni kiasi gani, fedha za pensheni zilizokatwa zilifika au hazikufika, mkataba wa kukodisha wasema nini juu ya watu waliokuwapo.

Hapo ndipo ninyi mwaweza kutusaidia, na sisi twaweza kuwasaidia. Katiba ya 2010, Ibara ya 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haikusema mwandishi, imesema raia. Sheria ya mwaka 2016 yaeleza njia yake: waandika ombi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi yapaswa kujibu katika siku 21. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Asiyejua kusoma na kuandika aweza kusema ombi lake kwa mdomo na ofisa alazimika kuliandika. Wakikunyima, wapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tumeona watu wakizunguka ofisi za kaunti miezi sita kwa kubembeleza, hali barua moja ya Kiswahili ingetosha kuanzisha hesabu ya siku. Tawi la chama likiandika barua kama hiyo na kutupa nakala, nasi tuna tarehe ya kushika.

Tusemeni na juu ya bahasha. Mnaijua. Mkutano umekwisha, msaidizi wa mheshimiwa apita nyuma ya gari, waandishi wapanga foleni, kila mtu apewa "nauli". Wengine huchukua kwa aibu, wengine huchukua wakicheka. Kanuni za maadili ya waandishi wa habari zakataza kupokea zawadi na malipo ya namna hiyo. Lakini tusiseme kama wahubiri. Mtu aliyetumia nauli yake mwenyewe kufika Kimilili, naye hajalipwa miezi mitatu, amewekwa mahali ambapo bahasha ndiyo mwajiri wake. Aliyemwacha bila ujira ndiye aliyemkabidhi kwa mwenye bahasha. Basi chama kikidai malipo ya haki kwa waandishi wa wilayani, hakidai kwa ajili yetu tu. Chadai pia habari isiyonunuliwa. Nasi twawaomba viongozi wa matawi, hasa wakati wa uchaguzi wa chama: msitupe bahasha. Iko desturi hiyo hata kwetu sisi wafanyakazi, na inanuka vilevile.

Hatari ipo. Tarehe 30 Aprili 2015, huko jirani Eldoret, John Kituyi, mhariri wa gazeti dogo la Mirror Weekly, alivamiwa akirudi nyumbani, akapigwa mpaka akafa. Gazeti lake lilikuwa limeandika juu ya kesi ya Kenya kule Hague. Waliomvamia walichukua simu yake. Wenye gazeti dogo hawana walinzi, hawana wakili wa kampuni, na wanajulikana nyumba zao. Mwandishi wa mji mdogo humwandika mtu asubuhi na kukutana naye jioni kwenye duka la nyama. Kwa hiyo twawafundisha vijana mambo ya kawaida sana: mwambie mwenzako wapi unakwenda na saa ya kurudi, usiweke jina la mtoa habari wa siri katika simu, usipande mlimani peke yako. Na wasichana wanaoingia kazi hii wana hatari nyingine ndani ya ofisi zenyewe, kwa watu wanaogawa kazi na kutaka malipo yasiyotajwa. Jambo hilo lapasa kuletwa chamani kwa maandishi, nasi tumekubaliana kwamba litasikilizwa na wanawake.

Faraja moja ya sheria tuliipata Februari 2017, wakati Mahakama Kuu ilipofuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichoweza kumtia mtu gerezani kwa kumharibia mwingine jina. Kushtakiwa madai bado kupo, na fidia yaweza kukufilisi. Lakini hutafungwa kwa hilo.

Tunayoyadai, kwa ufupi, ni haya: barua ya makubaliano kwa kila mwandishi wa wilayani, malipo ya habari iliyoagizwa hata isipotumika, nauli na bima anapotumwa mahali pa hatari, na malipo kufika kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata. Hakuna hata moja linaloshinda uwezo wa kampuni inayoweza kulipa mabango barabarani.

Pale Bungoma mama mmoja alituuliza swali ambalo hatukutaka liachwe nje ya karatasi hii. Alisema mwanawe amemaliza kidato cha nne, apenda kuandika, na karo ya chuo hana, aanzie wapi? Tulimjibu kwamba cheti chafaa, na bila cheti kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari ni vigumu kukipata, hivyo asiache kutafuta njia ya chuo. Lakini kabla ya hapo, Jumatatu ampe daftari na kalamu mbili, aende mahakamani Bungoma aketi benchi la nyuma. Jumanne aende sokoni aandike bei ya gorogoro kwa wauzaji kumi, na majina yao. Jumatano atuletee. Tuko kwenye chumba cha juu ya duka la vipuri, ngazi za nyuma, na kama mlango umefungwa tumekwenda Kimilili, atungoje.